Hoja Inayojizunguka: Ikamate Kabla Hujapanda Jukwaani

Katika kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa midahalo, kosa ninalokutana nalo kuliko yote si woga wala sarufi. Ni mtu kutoa kama ushahidi jambo lile lile analotakiwa kulithibitisha. Hiyo ndiyo hoja inayojizunguka; kwa Kiingereza huitwa "begging the question", na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kulichambua karne nyingi zilizopita.

Chukua mada isiyochosha Tanzania: lugha ya kufundishia. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Sekondari ni Kiingereza. Msemaji anasimama: "Kiingereza kiendelee, kwa sababu ndicho lugha ya elimu." Makofi. Lakini hilo ndilo hasa linalobishaniwa! Mpinzani naye anajibu: "Kiswahili kitumike, kwa kuwa ndicho kinachowafaa watoto wetu." Kila mmoja amesema dai lake mara mbili, ya pili kwa maneno mengine.

Ninachowaelekeza ni hiki: soma peke yake sentensi inayofuata "kwa sababu", kisha jiulize kama asiyekubaliana nawe angeikubali. Kama hapana, bado hujapata pa kuanzia. Lakini ukisema kwamba mtoto aliyesoma Kiingereza kama somo moja tu anafika kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yako kwa lugha hiyo, hapo hata mpinzani atakubali, na sasa mnaweza kubishana juu ya matokeo yake.

Upande wa pili hukimbilia mitihani: iko kwa Kiingereza, basi tufundishe kwa Kiingereza. Hoja hii huwapumbaza hata waamuzi. Mitihani iko hivyo kwa sababu ya sera ile ile tunayoijadili. Ikibadilika sera, mitihani nayo itabadilika. Afadhali mwanafunzi azungumzie vitabu vya chuo kikuu vilivyoandikwa nje, ambavyo sera yetu haiwezi kuvigeuza.

Jihadhari pia na majina yanayohukumu mapema. Anayesema "sheria hii kandamizi ifutwe kwa kuwa inakandamiza" hajatoa sababu yoyote. Na popote unapoandika "ni dhahiri", rudi uangalie: mara nyingi hapo ndipo ushahidi unapokosekana.

Usidhani ni kosa la wanafunzi tu. Mwaka 1663, mwanahisabati John Wallis alitoa uthibitisho wa kanuni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kuhusu mistari sambamba. Alianza kwa kuchukulia kwamba kila umbo lina umbo linalofanana nalo la ukubwa wowote. Baadaye ikaonekana kwamba kukubali hilo ni sawa na kuikubali kanuni yenyewe.

Mpinzani wako akizunguka, usimpigie kelele kwamba amezunguka. Wasikilizaji wengi hawataelewa. Muulize kwa upole, "Ndugu msemaji, hilo umelijuaje?" Akirudia dai lake, mwache amalize, kisha waombe waamuzi wapime kama wamesikia sababu mpya.