Maswali na Majibu: Wakala Anapoelewa Zana Vibaya

Swali: Mhariri, tumeunda wakala wa akili mnemba wa kukatisha tiketi za mabasi kupitia ujumbe wa simu. Zana (kazi ya programu ambayo wakala huiita) ya kutafuta safari nimeieleza hivi: "Hutafuta mabasi." Mteja akiandika "kesho saa mbili asubuhi," wakala anamletea basi la 02:00. Tatizo ni modeli? — *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Tatizo ni maelezo. Modeli, yaani programu ya lugha inayomwendesha wakala, haiuoni msimbo wako. Inachokiona ni jina la zana, maelezo yake na skima ya JSON (muundo wa data) yenye vigezo, yaani taarifa ambazo zana hupelekewa, na si zaidi. Kigezo cha saa kikiwa ni namba tupu, "saa mbili" inaandikwa 2, na seva inaisoma kuwa usiku wa manane.

Anza kwa kuandika maelezo upya, mfano hivi:

"Hutafuta safari za mabasi zenye nafasi kati ya miji miwili kwa tarehe moja. Itumie mteja anapouliza ratiba, nauli au viti. Haikati tiketi wala haimshikii mteja kiti. Hurudisha safari zisizozidi 10, kila moja na namba yake, saa ya kuondoka, nauli kwa shilingi za Tanzania na viti vilivyobaki. Pasipokuwa na safari, hurudisha orodha tupu."

Sentensi ya tatu ndiyo ambayo wengi huiacha. Bila hiyo, wakala anaweza kumwambia abiria kwamba ameshapata kiti, kumbe kimetafutwa tu.

Kisha eleza kila kigezo peke yake. Tarehe iwe mwaka-mwezi-siku, kama 2026-07-04, kwa sababu "04/07" inaweza kusomwa 4 Julai au 7 Aprili. Saa iwe ya mfumo wa saa 24, kwa majira ya Afrika Mashariki, na mifano uiweke palepale: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa saba mchana ni 13:00, saa kumi na mbili jioni ni 18:00, saa mbili usiku ni 20:00. Usiku wa manane una mtego wake. "Jumamosi saa nane usiku" ni 02:00, lakini ya usiku wa kuamkia Jumamosi au wa kuamkia Jumapili? Andika wazi: "Saa ikiwa kati ya 00:00 na 05:00, muulize mteja ni usiku wa kuamkia siku gani kabla ya kuita zana hii." Na jibu la zana lirudishe saa kwa namna zote mbili, "08:00 (saa mbili asubuhi)", ili mteja aone kosa mapema.

Vituo usiviache viandikwe kiholela. Weka orodha funge ya thamani zinazokubalika. Wapo abiria wa Dar es Salaam wanaosema "Ubungo" hadi leo, ingawa mabasi ya mikoani yalihamia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mwaka 2021. Maelezo ya kigezo ndiyo yaseme jina hilo lipelekwe wapi.

Swali: Nina *futa_tiketi* na *badilisha_tiketi*. Mteja akisema "siendi tena kesho, nitaenda Jumatatu," tiketi inafutwa. Nifanyeje? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Mpaka kati ya zana hizo uandikwe kwenye maelezo ya zote mbili. Kwenye ya kufuta: "Usiitumie mteja anapotaka siku nyingine, tumia *badilisha_tiketi*." Kwenye ya kubadilisha, kinyume chake. Lakini maelezo si kufuli. Jambo lisilorudishika lizuiwe ndani ya seva yenyewe: isifute chochote mpaka mteja athibitishe kwa namba ya tiketi. Anayetegemea sentensi "kuwa mwangalifu" atarudisha nauli za watu.

Swali: Maelezo marefu hayaongezi gharama? — *Msomaji, Kigali*

Jibu: Yanaongeza, maana huhesabiwa kama tokeni, yaani vipande vidogo vya maandishi, kila modeli inapoitwa. Hata hivyo mwongozo wa Anthropic, kampuni inayotengeneza modeli za Claude, kwa watengenezaji programu unashauri walau sentensi tatu au nne kwa kila zana, nasi tunakubaliana nao. Punguza kwingine: ondoa zana zisizotumika, na sifa kama "zana bora na ya haraka", ambazo hazimsaidii wakala kuchagua.

Kabla ya kuongeza sentensi, pima. Kusanya maombi 20 halisi ya wateja, yakiwemo yenye makosa ya tahajia, uangalie zana gani imeitwa na kwa thamani zipi. Zana sahihi ikiitwa na thamani mbovu, rekebisha kigezo. Ikiitwa zana isiyo yake, rekebisha maelezo ya zana zote mbili zinazogongana.

Angalia pia ujumbe wa hitilafu, kwani nao wakala anausoma. "Hitilafu 400", msimbo wa ombi lisilo sahihi, haisemi kosa ni nini, hivyo inaweza kumfanya arudie kosa lilelile. "Tarehe imeshapita, tuma tarehe ya leo au ya baadaye, mfano 2026-07-04" inamwezesha kujirekebisha bila kumsumbua mteja.