Madogo wanafaulu uraia ila hawajali chochote

SWALI: Habari zenu, mimi ni ticha wa uraia sekondari, madogo wangu wanakariri mihimili ya serikali vizuri tu na mtihani wanafaulu, ila ukiwaambia kuna mfereji umeziba nje ya geti wanakuangalia kama vile hauwahusu. Serikali ya wanafunzi ipo lakini kazi yake ni kugonga kengele na kuandika majina ya wapiga kelele. Nifanyeje? (Ticha, nimechoka)

JIBU: Pole ticha, ila hao sio wavivu, wameshasoma mazingira. Kama kura yao haijawahi kubadilisha kitu, wahangaike ya nini? Kuna mtafiti, Roger Hart, aliandika kupitia UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, ina vipandio 8, na vile 3 vya chini akasema sio ushiriki kabisa, ni kuwatumia watoto na kuwaweka kama pambo. Serikali yenu ya wanafunzi nahisi iko hukohuko chini, samahani lakini.

Anza na huohuo mfereji. Usiwape insha, waache watafute wenyewe kazi ya kuuzibua ni ya nani, utashangaa wangapi watataka kumwandikia rais. Alafu waandike barua. Ya kwanza itakuja "tunaiomba serikali iboreshe mazingira", hiyo rudisha, hakuna mtu anayeweza kuijibu. Inayojibika inasema mfereji uko wapi, maji yametuama tangu lini, ofisi gani inahusika na jibu tunaliomba kabla ya tarehe ngapi, na kopi inabaki darasani. Kimya kikizidi wafuatilie tena, maana wengi wetu watu wazima hapo ndo huwa tunaishia.

Huku ndani ongea na mkuu wa shule awape jambo moja la kuamua kweli, hata kihela kidogo cha ukarabati wapige kura kiende wapi. Akishakubali asigeuke kisa matokeo hayajampendeza, bora angekataa mapema. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, hausemi mtoto akisema basi imeisha, unasema maoni yake yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu, kwahiyo wakiomba kitu kikashindikana mkuu aje mwenyewe awaambie kwanini.

Maksi toa kwa barua na ufuatiliaji, sio kwa mfereji kuzibuliwa, hilo haliko mikononi mwao.