Gasketi mpya, na gari bado inachemka

Swali: Salaam aleikum fundi. Nina Corolla ya 1996, injini ya 5A-FE. Ilichemka nikitoka Mombasa, nikabadilishiwa gasketi ya silinda hedi hapa Malindi. Wiki tatu tu, imerudia: maji yanapungua, asubuhi inatoa moshi mweupe, na kifuniko cha oili kina ute kama chai ya maziwa. Ninunue gasketi nyingine au nitafute injini?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Injini usinunue bado, lakini gari usiiwashe tena. Huo ute ni maji ndani ya oili, na oili ya namna hiyo inakula beringi za krenki, yaani mhimili mkuu wa injini. Hapo ndipo injini itakapokufa kweli.

Swali la kumuuliza fundi wako ni moja: hedi, yaani kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda, aliipima? Hedi ya 5A-FE ni ya aluminiamu, bloku, sehemu ya chini yenye silinda, ni chuma. Ikichemka, aluminiamu hutanuka kuliko chuma huku boliti zimeibana, nayo hupinda. Kwa macho huoni kitu. Juzi nililetewa hedi kama yako, imesuguliwa ikang'aa. Nikailaza rula ya chuma juu yake kwa mshazari, nikajaribu kupitisha kibati cha fila geji (kipimo cha nafasi nyembamba) cha milimita 0.05, ambacho ndicho kikomo cha Toyota upande wa bloku. Kikapita bila kusukumwa, katikati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi kama hiyo hata uiwekee gasketi kumi, zote zitaungua. Ipelekwe kwenye mashine ikachongwe, na kabla ya hapo ijazwe hewa ndani ya maji ya moto kuangalia nyufa. Ukikuta ufa, tafuta hedi nyingine.

Boliti za hedi ni kumi, fupi na ndefu, zisichanganywe. Matundu yake kwenye bloku yakaushwe kabisa. Oili ikibaki chini, spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) itakudanganya. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi toki iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Kisha tia doa la rangi kwenye ukingo wa kila kichwa cha boliti, upande wa mbele wa injini, uzungushe nyuzi 90, halafu 90 tena. Doa likitazama nyuma, umemaliza. Silikoni juu ya gasketi hiyo sitaki kuisikia.

Sasa, kwa nini ilichemka mwanzo? Huku kwetu mimi huanza na maji. Visima vingi vya Malindi vina chumvi, na watu wanajazia redieta maji hayo hayo. Chumvi inatafuna aluminiamu pembezoni mwa matundu ya maji na kuziba redieta. Tumia kulanti (dawa ya kupoza injini), na ukichanganya, changanya na maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Redieta isafishwe, thamostati (vali inayofungulia maji injini ikipata moto) ibadilishwe (usiitoe ukaacha wazi), pampu ya maji na mkanda wa taimingi vikaguliwe maadamu mbele kumeshafunguliwa.

Ukishafunga, mwaga oili yote, tia mpya na filta mpya. Washa kifuniko cha redieta kikiwa wazi, hita ikiwa moto kabisa, mpaka feni ijiwashe na mapovu yakome. Kisha nenda Gede na kurudi, iache ipoe hadi asubuhi, ndipo ufungue uangalie kama maji yameshuka.