Ipandishe hiyo pampu kwanza

Kaka wa Shangani, umeuliza kama ununue pampu ya kuzungusha maji iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa samaki wako wa baharini wanahema juu ya maji kila alfajiri kwenye tangi la lita 200. Usikimbilie dukani bado. Umesema pampu umeibandika chini kabisa, pembeni, na hapo ndipo penye tatizo. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, na uso wa tangi lako umetulia tuli. Joto letu la Mtwara linazidisha, maana maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo.

Ipandishe, izame vidole vitatu hivi, uielekeze juu kidogo mpaka uso wa maji ucheze viwimbi. Watazame asubuhi inayofuata.

Wakiendelea kuhema, ongeza ya pili. Mimi napendelea mbili ndogo zinazoelekeana kwa mshazari kuliko moja kubwa: mikondo ikigongana, maji huzunguka kila upande kama miambani, na uchafu haupati kona ya kutuama. Jumla ya lita 2,000 kwa saa, yaani mara 10 ya ujazo wa tangi, ni mahali pazuri pa kuanzia. Matumbawe yangetaka zaidi, ila tafadhali sana usiyachukue Mnazi Bay. Ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.

Mdomo wa kuvutia maji uvishe sponji, samaki wadogo wasinaswe. Waya ushuke chini kuliko soketi ndipo upande, matone yadondokee sakafuni. Na chomoa umeme kila unapoingiza mkono.