Utitiri hakai kwa kuku, anakaa kwenye banda lako

Dada mmoja wa Arua ameniandikia. Kuku wake waliokuwa wakiatamia wameyaacha mayai yapoe, mtetea mmoja amehamia juu ya mwembe na akirudishwa bandani anatoroka, vifaranga wanakufa bila hata kuharisha. Swali lake: "Mama, ninunue dawa gani?"

Kila mtu huniuliza hilo hilo. Dawa gani. Hakuna anayeanza kwa kunieleza banda lake limejengwa kwa miti au matofali, wala lini maranda yalibadilishwa. Dada yangu, kuku anayekimbia banda usiku ameshakwambia ugonjwa uko wapi: uko bandani, ni utitiri, vidudu vidogo vinavyonyonya damu.

Mimi nafuga kuku wa kienyeji, na Kuroiler wachache (aina ya kuku chotara), nyuma ya nyumba hapa Busia, upande wa Uganda. Idd na Krismasi zikikaribia, wanunuzi huvuka mpaka kutoka Kenya na kulipa vizuri, na ndiyo karo ya wanangu. Kwa hiyo msimu ule wa mvua, upanga wa kichwani ulipoanza kupauka kuku mmoja baada ya mwingine na mayai yakapungua, sikulala. Duka la dawa za mifugo likaniuzia dawa ya minyoo. Kisha vitamini. Mwisho nikapewa kichupa cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, kimepimwa kwa macho na hakina karatasi ya maelezo, niwaogeshe kuku. Wawili walikufa jioni ile ile. Muuzaji alisema walikuwa dhaifu.

Ila lililoniuma zaidi ni la jirani. Ana vyumba vya kupanga vinavyopakana na banda langu, na wapangaji wake walianza kuwashwa usiku. Hakunijia kama jirani. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kisimani akaeneza kwamba nyumba yangu ni chafu. Mimi, ninayefagia ua kabla ya adhana ya alfajiri! Watu wakaacha kununua mayai yangu. Mpaka leo nikipita pale kisimani nawaona wanavyonitazama.

Shemeji yangu, aliyekuwa afisa mifugo kule Tororo, ndiye aliyenitoa. Alikataa kabisa kuja mchana. Alikuja usiku, na tochi na kitambaa cheupe, akamwita na mwenyekiti asimame hapo. Akapangusa chini ya fito kuku walipokuwa wamelala. Kitambaa kikatoka na michirizi ya damu. Ni damu ya kuku wangu, iliyokuwa matumboni mwa utitiri. Kisha akaelekeza tochi juu, kwenye mabati ya vyumba vya jirani yaliyoinamia banda langu. Viota vya njiwa vimejaa. Njiwa na shorewanda hubeba utitiri hao hao, na kweli huwauma watu pia, hasa kiota kikiachwa bila ndege wa kunyonywa. Mwenyekiti alicheka. Jirani aliviondoa viota, lakini samahani sijaisikia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi mnapoliwa pesa. Utitiri wekundu hawaishi juu ya kuku. Mchana wamejificha kwenye nyufa, kwenye ncha za fito, chini ya nyasi za kiota. Usiku wanatoka, wananyonya, wanarudi. Ukimkamata kuku saa sita mchana na kumpaka dawa, unampaka aliyeibiwa na kumwacha mwizi ndani ya ukuta. Kwa joto letu, yai la utitiri linaweza kuwa mzazi ndani ya wiki moja hivi. Na usidhani ukiwauza kuku wote utawamaliza kwa njaa, kwa sababu banda tupu huwahifadhi kwa miezi.

Tulifanya hivi: kuku walihamishwa, maganda ya kahawa ya sakafuni na nyasi za viota zikachomwa moto, fito zikatolewa na kumwagiwa maji yanayochemka, hasa kwenye viungo. Nyufa tukaziziba kwa udongo na samadi. Banda lilipokauka tukanyunyizia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya mabanda ya kuku, tukarudia baada ya wiki, kwa kuwa mayai hubaki. Fito mpya hazigusi ukuta, na miguu yake imesimama ndani ya makopo ya mafuta machafu ya gari. Utitiri hawezi kuogelea humo.

Chawa ni habari nyingine. Hao huishi mwilini, na mayai yao utayaona yameshikamana kwenye mashina ya manyoya karibu na mkundu. Unga wenye pamethrini, dawa ya kuua wadudu, upake chini ya mabawa na hapo nyuma, rudia baada ya siku 10 hadi 14. Waachie pia shimo la udongo mkavu na majivu, wajioge wenyewe. Viroboto wanaong'ang'ania kuzunguka macho, wapake vaselini, halafu geuza sakafu, maana watoto wao hukulia kwenye mchanga. Miguu yenye magamba yaliyoinuka: sabuni, maji ya vuvugu, mafuta ya kupikia, na subira.

Dawa yoyote, soma inasema usubiri siku ngapi kabla ya kula mayai na nyama. Chupa isiyo na karatasi mrudishie mwenyewe, hata akikuita mjuaji. Mimi naitwa mjuaji na kuku wangu wanauzwa kabla hawajafika sokoni. Ndugu zangu, tuache uvivu wa kutafuta chupa. Chukua tochi, ingia bandani usiku, tazama mali yako.

Dada wa Arua aliuliza pia kuhusu jogoo ambaye kaka yake anataka kumletea kutoka Koboko. Mpokee, lakini akae mbali na wenzake wiki mbili, umfunue mabawa na kumtazama nyuma kila baada ya siku chache. Tenga alilokuja nalo lichome siku hiyo hiyo, hata kama ni jipya.