Aliyesoma fizikia ana kazi kwenye chanjo

Mdogo wangu wa Likoni, umeuliza mtu wa fizikia atafanya nini kwenye utafiti wa chanjo. Kazi tele! Chukua R21, chanjo ya malaria, iliyojaribiwa hata hapo Kilifi kwa jirani zetu. Protini ya kimelea haikuachwa ielee peke yake. Imepangwa juu ya vichembe vidogo mno, ikijirudia-rudia, na mpangilio huo ndio unaozishtua seli za kinga. Ukubwa wa kichembe, umbo lake, kuhimili kwake joto: hayo ni maswali yako. Umbo la protini siku hizi kompyuta hulikadiria vizuri sana. Waliounda AlphaFold, programu ya kompyuta ya kazi hiyo, walipata sehemu ya Nobeli ya kemia 2024. Lakini kama mwili utajenga kinga, hilo bado hupimwa kwa damu ya watu. Jifunze kuandika programu mapema, baiolojia utaidaka mbele ya safari.