Re: Sahani kwenye makaburi ya zamani ya pwani

Ndugu, umeuliza kama sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya kale ya pwani ni ushahidi kwamba wenyewe hawakuwa Waislamu. Hapana. Tazama namna maiti alivyolazwa, maana huko ndiko mabadiliko yanakoonekana.

Mfano wa kale sana: pango la Panga ya Saidi, Kenya, alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu, amekunjwa miguu, miaka 78,000 hivi iliyopita. Uislamu ulipoingia pwani, mwili ukanyooshwa, ukalazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kwetu Lindi kibla ni kaskazini, kwa hiyo kichwa huwa mashariki. Ukikuta hivyo, huyo ni Mwislamu, awe na sahani juu au asiwe nayo.

Juu ya kaburi ni habari nyingine. Hapo watu walionyesha cheo: ukuta wa matumbawe, nguzo, bakuli la kaure kama yale ya makaburi ya Kunduchi, Dar es Salaam. Songo Mnara, mji wa karne ya 14 na 15 kisiwani karibu na Kilwa, ndio unaonifurahisha zaidi. Makaburi yako katikati ya mji, jirani na misikiti, na wachimbaji walikuta juu yake sarafu na vijiwe vyeupe vya kwatzi. Kwa maoni yangu hao walikuwa wakizuru wafu wao kama tunavyozuru sisi. Masheikh wengine watanipinga.

Ukivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda huko Songo Mnara, usiokote kigae cha chombo hata kimoja. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 ipo, na kigae kikiondoka mahali pake hakimwambii mtaalamu lolote.